Kishikwambi chenye Windows na Android: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu vishikwambi vya prosesa ya Intel Atom vilivyotoka China kati ya mwaka 2014 na 2017 hivi, vikiwa na Windows na Android ndani ya kifaa kimoja: Chuwi Hi8 na HiBook, Teclast X98 Air 3G na X80 Pro, Onda V919, Cube i6 na jamaa zao. Vipya si rahisi kuvipata, ila vilivyotumika bado vinazunguka mkono kwa mkono, na maradhi yake yanafanana sana. Mengi yanayodhaniwa kuwa ubovu wa kifaa si ubovu. Ni mifumo miwili inayogombania vitu vilevile bila kujuana.

Je, Windows na Android vinafanya kazi kwa pamoja?

Hapana. Mmoja ukiwa hai, mwingine umelala kwenye hifadhi kama mafaili tu. Ukitaka kuhama, kifaa lazima kizimike na kuwaka upya. Ni wapangaji wawili wanaopokezana chumba kimoja, na kila mmoja akiingia hujiona yuko peke yake: anarudisha saa anavyotaka, anabadilisha funguo, anahamisha vitu. Ukilielewa hilo, nusu ya maswali yanayofuata utayajibu mwenyewe.

Maana yake pia ni kwamba programu, nenosiri la Wi-Fi na picha za upande mmoja hazionekani upande wa pili. Hilo si tatizo, ndivyo kilivyo.

Kifaa changu kina hitilafu. Nianzie wapi?

Anzia upande wa pili. Hii ndiyo faida kubwa ya kuwa na mifumo miwili, na watu wengi hawaitumii. Sauti haitoki kwenye Windows? Hamia Android ucheze wimbo. Ikitoka huko, spika ni nzima na tatizo ni draiva ya Windows, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kukitumia kifaa fulani kama spika au kamera. Isipotoka kote kuwili, hapo ndipo uanze kushuku spika. Fanya hivyo kwa kamera, tachi, Wi-Fi, Bluetooth, kitambuzi cha kugeuza skrini, kila kitu.

Fundi akikuambia "tachi imekufa, tubadilishe kioo" kabla hajajaribu upande wa pili, chukua kifaa chako uondoke.

Menyu ya kuchagua mfumo imepotea, kinaingia Windows moja kwa moja. Android imefutika?

Mara nyingi haijafutika. Windows ikipata sasisho kubwa, ina tabia ya kujiweka namba moja kwenye orodha ya kuwasha, na ile menyu yenye picha mbili inaruka. Android bado iko palepale.

Kwanza angalia kama ile aikoni ya kuhamia Android, ambayo watengenezaji wengi huiweka kwenye desktop ya Windows, bado ipo na inafanya kazi. Kama haipo, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kifaa inayotangulia mfumo wowote. Njia isiyobahatisha ni kupitia Windows yenyewe: shikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha chagua Troubleshoot, Advanced options, na UEFI Firmware Settings. Kabla ya hapo chomeka kibodi ya USB kwa waya wa OTG (ule unaogeuza tundu dogo la kishikwambi lipokee vifaa vya USB), maana ndani ya BIOS kugusa kioo kwa kawaida hakufanyi kazi, na kibodi ya Bluetooth haitambuliki kabisa.

Ukishaingia, piga picha kila ukurasa kwa simu kabla ya kugusa chochote. Kisha nenda sehemu ya Boot. Utaona "Windows Boot Manager" iko juu. Tafuta jina jingine chini yake, mara nyingi lenye neno Android, ulipandishe juu, uhifadhi na kutoka. Kingine kisikushawishi humo ndani. Vifaa vingine vina kipengele cha kuchagua aina ya mfumo, Windows au Android, na ukikiweka vibaya unaweza kubaki na skrini nyeusi.

Kama hakuna jina jingine, rudi Windows ufungue Disk Management. Ukiona vipande vingi vidogo visivyo na herufi, hiyo ndiyo Android. Windows ikikuuliza kama uvifomati, jibu ni hapana, leo na siku zote.

Kwa nini saa inakosea kila nikihama mfumo?

Kwa sababu mifumo hii miwili haikubaliani juu ya saa ya ndani ya kifaa. Windows huandika humo saa ya hapo ulipo. Android huandika saa ya kimataifa, UTC, halafu inajumlisha tofauti ya eneo lako wakati wa kuonyesha. Kwetu Afrika Mashariki tofauti ni saa tatu kamili, na ndiyo maana kosa huwa ni lilelile. Chukua mfano ni saa tisa alasiri. Windows imeandika tisa. Unahamia Android, inaisoma tisa hiyo ikidhani ni ya UTC, inaongeza tatu, unaona saa kumi na mbili jioni. Ukienda kinyume, Android inaandika saa sita mchana na Windows inaiamini hivyo hivyo, kwa hiyo inabaki nyuma. Aliye Bukavu au Lubumbashi ataona tofauti ya saa mbili, aliye Muscat tofauti ya saa nne. Ukiona kosa lako linalingana na eneo lako, acha kuwaza betri.

Intaneti huficha tatizo hili, kwani mifumo yote miwili hujirekebisha ikishapata mtandao. Linaumiza pale usipokuwa na bando: kengele inalia saa isiyo yake, faili jipya linaonekana la zamani kuliko lile la jana.

Dawa ni kuifundisha Windows isome UTC. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike mstari huu:

reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f

Washa upya, rekebisha saa mara moja, basi.

Lakini kama saa inarudi miaka kadhaa nyuma, hilo ni jambo tofauti. Vingi vya vishikwambi hivi havina ile betri ndogo ya sarafu iliyo kwenye kompyuta. Saa inategemea betri kuu. Betri ikikauka kabisa, saa inaanza upya. Na tarehe ikiwa ya miaka iliyopita, tovuti karibu zote zitakataa kufunguka kwa madai ya usalama. Rekebisha tarehe kabla hujaanza kulaumu mtandao.

Kibodi ya Bluetooth inakubali Windows, nikienda Android inakataa. Nikiiunganisha Android, Windows inakataa.

Kibodi inakitambua kishikwambi kwa anwani ya Bluetooth, na anwani hiyo ni moja kwa mifumo yote miwili. Ila kila mfumo ukiunganisha hutengeneza ufunguo wake wa siri. Kibodi inaweka ufunguo wa mwisho tu, kwa hiyo mfumo wa kwanza unabisha hodi na ufunguo uliokwisha kubadilishwa.

Kuna njia ya kunakili ufunguo kutoka upande mmoja kwenda wa pili, lakini inahitaji root (ruhusa ya juu kabisa ya mfumo) upande wa Android na uvumilivu mwingi. Ushauri wangu: tumia kibodi ya waya, au ile ya mtengenezaji inayonasa chini kwa pini, au ya USB yenye kipokezi chake kidogo. Ukilazimika kutumia Bluetooth, chagua mfumo mmoja ambao unaandikia, na ule mwingine uutumie kwa kidole.

Hakiwaki kabisa. Kimekufa?

Usikizike bado. Huenda kimewaka na skrini ndiyo nyeusi. Shikilia kitufe cha kuwasha nusu dakika nzima bila kuachia, ili kama kilikuwa kimeganda kizimike kweli. Achia, pumzika kidogo, kisha bonyeza kama kawaida. Ukiwa gizani, mulika kioo kwa tochi kwa pembeni. Ukiona kivuli cha picha, kifaa ni kizima, ila taa ya nyuma ya skrini ndiyo imekufa.

Bado kimya? Tuje kwenye chaji. Vifaa hivi vinataka volti 5 na ampea 2 au zaidi. Chaja ya simu ndogo ya zamani haivitoshi, na tundu la USB la kompyuta ndiyo kabisa. Waya nao una lawama: waya mwembamba unapoteza umeme njiani, na kishikwambi kinaonyesha alama ya kuchaji huku asilimia zinashuka. Ikiwa betri ilikaa miezi bila kuchajiwa, kichomeke ukutani kwa chaja nzuri ukiache masaa kadhaa, hata usiku kucha, bila kukibonyezabonyeza kila baada ya dakika tano. Kila unapojaribu kukiwasha unamaliza ule umeme kidogo uliokwisha kuingia.

Chunguza pia tundu lenyewe. Mengi ya aina hizi yana microUSB moja inayotumika kuchaji na kuchomeka OTG, kwa hiyo huchoka mapema. Waya ukicheza ndani ya tundu, fundi wa simu yeyote mwenye mkono mwepesi analibadilisha, na bei yake si ya kutisha.

Kioo kikiwa kimenyanyuka ukingoni, kama kifuniko kisichofunga vizuri, betri imevimba. Usikichaji tena, usikikandamize kirudi. Betri ibadilishwe.

Nimeweka Windows upya. Sasa tachi haifanyi kazi, au nikigusa kulia inashika kushoto.

Hili ndilo swali lenye machozi mengi, na kinga yake ni ya dakika chache, kwa wanaojua mapema.

Vishikwambi vingi vya kundi hili vinatumia chipu ya tachi ya kampuni ya Silead. Chipu hiyo haijui chochote inapowaka. Kila mara draiva inaipakia faili dogo linaloiambia kioo kina ukubwa gani, juu ni wapi, kulia ni wapi. Faili hilo ni la kioo hicho mahususi. Na mtengenezaji alibadilisha aina ya vioo katikati ya uzalishaji bila kubadilisha jina la kifaa, kwa hiyo vishikwambi viwili vyenye jina moja mgongoni vinaweza kuhitaji mafaili tofauti. Windows safi ya Microsoft haina faili hilo. Ukiweka la kioo kingine, ndipo kulia kunakuwa kushoto au kidole kinashika nusu tu ya skrini.

Kwa hiyo, ikiwa Windows yako bado ni ile ya mwanzo na tachi ni nzima, fanya hivi leo. Weka kadi ya memori, tengeneza folda iitwayo draiva, kisha kwenye Command Prompt ya msimamizi:

pnputil /export-driver * D:\draiva

Badilisha D iwe herufi ya kadi yako. Kwa Windows 8.1 tumia dism /online /export-driver /destination:D:\draiva. Nakili folda hiyo mahali pengine pia. Siku ukiweka Windows upya, unazirudisha zote kwa mstari mmoja:

pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install

Sauti, kamera, kitambuzi cha kugeuza skrini na Wi-Fi vyote vinafuata njia hiyohiyo.

Kama umeshachelewa, chomeka kipanya kwa OTG upate kufanya kazi, kisha soma namba ya utambulisho (serial number) iliyochapwa mgongoni mwa kifaa. Herufi zake za mwanzo ndizo zinazotofautisha matoleo. Tafuta kifurushi cha draiva cha mtengenezaji kinacholingana na herufi hizo, si jina la kifaa peke yake. Na usihangaike na Calibrate ya Windows. Hiyo inasogeza mguso uliokwenda pembeni kidogo; haiwezi kugeuza mhimili uliopinduka, na mara nyingi huongeza vurugu. Kama umeshaigusa, bofya Reset palepale.

Windows inalalamika hifadhi imejaa, na sijaweka kitu.

Hifadhi ya 32GB au 64GB imegawanywa na Android, kwa hiyo Windows haikupata yote. Ongeza masasisho, na nafasi imekwisha. Endesha Disk Cleanup kama msimamizi ufute mabaki ya Windows ya awali. Kisha jaribu powercfg /h off, ambayo inafuta faili la kulala usingizi mzito na kuzima pia ile Fast Startup ambayo ni kero kwa kifaa cha mifumo miwili. Halafu compact /compactos:always, inayobana mafaili ya Windows yenyewe. Inachukua muda, chomeka chaja.

Kadi ya memori inasomeka Windows, Android inasema ni tupu.

Umeifomati kwa NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows ambao Android hizi kwa kawaida hazisomi. Kwa kadi ya kushirikiana kote kuwili tumia FAT32, ukikumbuka kwamba faili moja haliwezi kuzidi 4GB. Filamu ndefu za ubora wa juu zitakataa. Zima kifaa kikamilifu kabla ya kuhama, usikilaze.

Upande wa Android, tovuti nyingi hazifunguki na programu zinakataa.

Hapa ni umri. Vingi vilikuja na Android 4.4 au 5.1, na watengenezaji mara chache waliviongezea toleo. Google iliacha kuhudumia Android 4.4 kwa Play Services mwaka 2023. WhatsApp iliiacha Januari 1, 2025. Chrome ya mwisho kwa Android 5 ni toleo la 95, la mwaka 2021.

Tovuti zinazodai si salama zina sababu nyingine. Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti vya usalama bure kwa tovuti nyingi sana duniani, linategemea cheti mama ambacho Android ya chini ya 7.1.1 haikijui. Njia ya kuzunguka iliyokuwa ikizisaidia simu za zamani ilifikia mwisho 2024. Firefox ina orodha yake yenyewe ya vyeti, haitegemei ya Android, kwa hiyo toleo lake linalokubali Android 5 litakufungulia nyingi kati ya hizo.

Hata zikifunguka, upande huu usiuwekee programu ya benki wala ya kutuma pesa. Usomee vitabu, utazamie video ulizopakua, watoto wachezee. Inatosha.

Kinaomba ufunguo mrefu wa BitLocker. Sijawahi kuweka kitu hicho.

BitLocker ni kufuli ya Windows ya kulinda hifadhi. Baadhi ya vifaa hivi hujifungia hifadhi vyenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, na ukibadilisha kitu BIOS vinashtuka. Ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo: fungua aka.ms/myrecoverykey kwa simu, uingie kwa akaunti iliyotumika mara ya kwanza. Kama ulikinunua mkononi kwa mtu, ni yeye utakayemtafuta.

Nataka kufuta Android nibaki na Windows tu. Nitapata nafasi?

Utaipata, ila si kwa njia unayodhani. Vipande vya Android mara nyingi vimekaa mbele ya Windows, na Disk Management inaweza kupanua kipande kwa nafasi iliyo nyuma yake tu. Utafuta, halafu kitufe cha Extend Volume kitakuwa kijivu. Kuitumia nafasi hiyo kunataka uweke Windows upya toka sifuri, na hapo tumesharudi kwenye swali la tachi. Nunua kadi ya memori. Ni rahisi kuliko kesi hiyo.

Fundi anasema akiflashi (akiandika mfumo upya ndani ya kifaa) kitapona. Nimruhusu?

Muulize mambo mawili. ROM (faili la mfumo mzima) anayotaka kuweka inalingana na herufi za mwanzo za namba iliyo mgongoni? Na ameshatunza draiva zako? Akisema ROM ya jina hilo ni moja tu, hajawahi kukutana na vifaa hivi.

Utaratibu wenyewe huanza na Android, kwa programu ya Intel kwenye kompyuta, kwa sababu ndiyo inayopanga upya hifadhi nzima. Windows inafuata kwa flashi ya USB. Akianza na Windows, Android ikija nyuma itaifagia. Leseni isikutie hofu: ya Windows 10 iliyokwisha kuamilishwa inatambuliwa na seva za Microsoft kupitia kifaa chenyewe, mradi uweke aina ileile, kama ilikuwa Home iwe Home. Cha kuogopa ni kuflashi BIOS. Hiyo ikikatikia njiani kwa sababu umeme umekatika na betri ni chovu, kinabaki kipande cha plastiki.

Naweza kuweka Windows 11?

Haifai. Inataka RAM ya 4GB, hifadhi ya 64GB, TPM 2.0 (kitunza siri za usalama ndani ya kifaa) na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, na hizi Atom hazimo. Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025, na mpango wa nyongeza kwa watu binafsi unafika Oktoba 2026, kwa walio kwenye toleo la 22H2.

Linux inawezekana, ila nyingi za Atom za kizazi cha Bay Trail zina UEFI (BIOS ya kisasa) ya biti 32 hata kama prosesa ni ya biti 64, na flashi nyingi za Linux hazitawaka humo. Anza na Debian, inayoijua hali hiyo. Na tachi? Kernel, yaani kiini cha Linux, ina draiva ya Silead, lakini lile faili dogo la kioo chako bado utalitafuta.

Kwa nini vifaa hivi havikuendelea kutengenezwa?

Kampuni kubwa zilijaribu zikaishia njiani. Samsung ilionyesha Ativ Q mjini London Juni 2013, haikuuzwa kamwe. Asus ilitangaza Transformer Book Duet huko Las Vegas Januari 2014, na miezi michache baadaye ikaripotiwa kwamba Google na Microsoft wote hawakuupenda mpango huo. Kampuni za Shenzhen, China, na jirani zake ndizo zilizoubeba, kwa msaada wa Atom za bei nafuu. Mwaka 2016 Intel ikafuta prosesa zake zilizokuwa zinafuata kwa simu na vishikwambi, na kilichotoka baada ya hapo kilikuwa zaidi masalio ya stoo.